Kishawishi Huanza na Siri Ndogo

Masomo ya kusoma nyumbani: Mwanzo 12:10-20, 2 Samweli 11:1-17, Mithali 5:15-20



Wachumba wanaojiandaa kufunga ndoa hufundishwa. Huitwa parokiani, hukaa na padre na katekista, huulizwa maswali, na matangazo yao husomwa kanisani. Baada ya harusi, kimya. Mwenye ndoa ya miaka 20 au 25 hana semina, kwa kuwa kila mtu anadhani amekwisha kufika. Lakini wale wanaokuja kwa katekista jioni, wakasubiri kwanza wengine waondoke ndipo waseme, mara nyingi si wachumba. Ni watu wenye watoto wa sekondari, na wengine wana wajukuu. Somo la leo ni lao.

Sisi wa pwani ya kusini, kuanzia Likoni kupita Tiwi, Diani na Ukunda hadi Msambweni na Lungalunga, maisha yetu yanakwenda kwa misimu. Wageni hujaa Desemba na Januari, hurudi tena Julai na Agosti, na masika yakianza Aprili hoteli hupunguza watu. Wenye kandarasi huambiwa wangoje nyumbani mpaka waitwe. Juu ya hayo kuna mapigo yasiyo na msimu. Mwezi Agosti 1997 ghasia za Likoni zilifukuza wageni na wafanyakazi wengi wakakaa bure. Mwaka 2020 korona ilifunga hoteli. Desemba 2024 uchimbaji wa madini ya titani hapa Kwale, ulioanza mwaka 2013, ulifika mwisho. Kila mara mshahara unapokatika tunasikia ndoa fulani imevunjika, na watu husema ni umaskini. Mimi sikubali sana. Umaskini hubisha hodi katika nyumba zote za mtaa, na nyumba nyingine husimama. Kinachofungua mlango ni kitu kingine.

Deni la shilingi elfu mbili

Tuchukue mfano. Nimeutunga, kwa hiyo msimtafute mtu katika jumuiya yenu. Bwana ana miaka 46, ni mhudumu wa mezani katika hoteli ya Diani. Bibi anakaa Msambweni na watoto na ana kibanda cha viazi karai na maharagwe. Wana miaka 22 ya ndoa. Siku za shifti ya usiku bwana hulala Ukunda kwa chumba cha kupanga pamoja na wenzake. Aprili ikafika, siku zake za kazi zikapunguzwa hadi tatu kwa wiki, na mtoto akarudishwa nyumbani kwa karo. Mama mmoja anayefanya kazi upande wa dobi akamwona amenyong'onyea akamuuliza kulikoni. Akamweleza. Yule mama akamkopesha shilingi 2,000.

Mpaka hapo hakuna dhambi yoyote, na huyo mama amefanya wema wa Kikristo. Bwana anafika nyumbani na fedha. Bibi anauliza, "Baba watoto, umezipata wapi?" Naye anajibu, "Za chama."

Kwa nini amedanganya? Wala hamtamani yule mama. Ameona haya tu. Mwanamume wa miaka 46 hataki mkewe ajue kwamba amekopeshwa na mwanamke wa dobi. Ni haya ya kawaida, na pengine wengi wangefanya vivyo hivyo. Lakini tazameni kilichotokea baada ya neno lile moja. Kuanzia siku hiyo kuna mtu mmoja ulimwenguni anayejua taabu halisi ya bwana huyu, na mtu huyo si mkewe. Akirudi kazini, ndiye anayemuuliza, "Mtoto alirudi shule?" Mkewe hawezi kuuliza swali hilo kwa maana ile ile, kwa kuwa hajui lolote. Bwana anaanza kula chakula cha mchana karibu na anayejua. Simu ikilia akiwa Msambweni, anatoka nje. Kule nyumbani anaongea habari za mvua na bei ya unga.

Mtu anayejua taabu yako ndiye unayeishi naye, hata kama hamlali nyumba moja. Bwana huyu amehama nyumbani kwake wiki nyingi kabla ya kufanya jambo lolote la kwenda kuungama. Akiulizwa atasema kwa kiapo kwamba hajafanya kitu, na kweli hajafanya.

Akina mama msicheke. Bibi wa Msambweni naye ana simu. Ameingizwa katika kundi la WhatsApp la wale aliomaliza nao shule, na mmoja wao humwandikia saa tatu usiku: "Umekula?" Ni neno dogo kabisa. Ila kwa mwanamke ambaye kwa miezi hakuna aliyemuuliza kama amekula, neno hilo ni zito kuliko zawadi. Anajibu. Kesho yake anajibu tena, halafu anafuta ujumbe. Kujibu si neno. Kile kidole kilichofuta ndicho kinachotakiwa kuulizwa: umefuta kwa ajili ya nani?

Katika Baba Yetu sisi Wakatoliki tunaomba tusitiwe katika kishawishi, ambapo ndugu zetu wa madhehebu mengine husema majaribu. Naona neno letu lina faida kwa watu wa ndoa. Jaribu laweza kumwangukia mtu kama nazi kutoka juu. Kishawishi kinatokana na kushawishi, yaani kumvuta mtu kwa maneno mpaka akubali mwenyewe. Tena kinaongea kwa upole. Hakimwambii mtu wa miaka 46 amwache mkewe, maana angeshtuka. Kinamwambia tu: hili usimwambie, utamsumbua bure.

Daudi juu ya paa

Someni 2 Samweli 11 polepole. Watu wengi huikumbuka kama hadithi ya mfalme aliyemtamani mwanamke anayeoga. Lakini mwanzo wake ni kwamba ulikuwa wakati wa wafalme kwenda vitani, naye Daudi alibaki mjini. Hakuwa na kazi. Aliamka jioni akatembea juu ya paa. Sisi wa Diani tungesema ulikuwa msimu wa chini. Tena hakuwa kijana. Alikwisha kuwa na nyumba, wake, watoto na heshima.

Akaona. Hilo halikuwa mikononi mwake. Kisha akauliza ni nani yule, akajibiwa wazi kwamba ni mke wa Uria. Hapo alikuwa na nafasi nzuri sana ya kushuka kutoka kwenye paa akalale. Badala yake akatuma watu. Mnaona hatua zake: aliona, akauliza, akaambiwa, akatuma. Kila hatua ilikuwa na mlango wa kutokea.

Ila sehemu kubwa ya sura hii haihusu tamaa hata kidogo. Inahusu kuficha. Mwanamke amepata mimba, na Daudi anamwita Uria kutoka vitani ili alale kwake na mambo yafunikwe. Uria anakataa kwenda kustarehe huku wenzake wako kambini. Daudi anamlevya, bado Uria haendi. Mwishoni anaandika barua ya kuagiza Uria awekwe mahali pa hatari afe, na Uria mwenyewe ndiye anayeibeba. Nimesoma sura hii mara nyingi na jumuiya, na watu hunyamaza wakifika kwenye barua. Usiku ule mmoja ulikuwa dhambi kubwa. Siri yake ndiyo iliyoua mtu.

"Huyu ni dada yangu"

Sasa niingie katika jambo tunalolijua sote huku ufuoni na hatulisemi kanisani. Yupo mume anayempata mgeni wa Kizungu, mwanamke mwenye fedha na upweke wake, naye anamleta nyumbani kumwona "dada". Dada huyo ni mkewe. Watoto wamefundishwa kumwita baba yao mjomba kwa wiki tatu za likizo ya mgeni. Yapo pia yanayokwenda kinyume, mke akiwa na mgeni na mume akijiita kaka. Mgeni anajenga nyumba, analipa karo, ananunua bodaboda. Hapa siri si ya mmoja. Wote wawili wamekubaliana. Wengine huniambia, "Mwalimu, tumeelewana, hakuna aliyedanganywa."

Biblia inaijua habari hii. Mwanzo 12 inasema njaa ilikuwa kali, Abramu akashuka Misri kutafuta riziki. Alipokaribia akamwomba Sarai mkewe aseme kwamba ni dada yake, ili wasimwue yeye kwa sababu ya uzuri wa mke, bali mambo yamwendee vema. Na mambo yalimwendea vema! Sarai akachukuliwa nyumbani mwa Farao, na Abramu akapewa kondoo, ng'ombe, punda, watumwa na ngamia. Andiko haliifichi faida hiyo, na mimi sitawaambia kwamba mpango huo hauleti mabati.

Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, katika habari hiyo yote Sarai hasemi neno hata moja. Abramu anasema, wakuu wa Farao wanasema, Farao anasema. Yeye anachukuliwa tu. Kwa hiyo mtu akisema "tumeelewana," mimi huuliza ni nani aliyeanza kusema, na yule mwingine alijibu nini, kwa maneno yapi. Mara nyingi jibu ni kwamba alinyamaza, na kunyamaza kukahesabiwa kukubali. La pili, anayemkemea Abramu ni yule mgeni. Farao anamuuliza kwa nini hakumwambia kwamba ni mkewe. Mtu asiyemjua Mungu wa Abramu alikuwa na haki ya kuambiwa ukweli, na yule mzee au bibi aliyetoka Ujerumani au Uingereza anayo haki hiyo hiyo. Huyo pia ana moyo, na anatapeliwa.

Na watoto? Kumfundisha mtoto aseme uongo juu ya baba yake ni mzigo ambao hela ya karo haiubebi. Hapa sina upole wa kuongeza.

Niseme pia juu ya kauli nyingine inayosikika. Majirani zetu Wadigo wengi ni Waislamu, na dini yao inamruhusu mume kuongeza mke kwa masharti yake. Utamsikia Mkatoliki mwenye hawara akijitetea: "Mbona jirani ana wawili?" Bwana, usimtaje jirani. Yeye alitoa mahari, akaweka mashahidi, na mtaa mzima ukajua. Wewe unakwenda gizani na kurudi gizani. Na ahadi yako haikuwa hiyo: hata Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja na mume mmoja, mbali na Sakramenti yenyewe.

Cyprien na Daphrose

Tukisema juu ya uaminifu wa miaka mingi tumezoea kutaja watakatifu wa mbali. Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015, na ni vizuri kuwaomba. Lakini ndoa yao haikupitia shimo tunalolizungumzia. Ndoa iliyopitia shimo hilo iko karibu nasi, Rwanda.

Cyprien Rugamba alikuwa mshairi na mtunzi wa nyimbo, mtu mashuhuri nchini mwake. Alisoma seminarini, akatoka, na imani ikamtoka pia. Mwaka 1965 alimwoa Daphrose Mukansanga. Miaka ya mwanzo ilikuwa michungu. Kuna wakati alimrudisha mkewe kwao. Alikuwa na mwanamke mwingine, na akapata mtoto nje ya ndoa. Hakutaka hata kusikia mambo ya kanisa, naye Daphrose alikuwa mtu wa sala. Fikirini hali ya nyumba hiyo: mume anasifiwa kila mahali kwa maneno yake mazuri, na mke nyumbani hapewi hata moja.

Daphrose alisali, akabaki. Mwaka 1982, baada ya ugonjwa, Cyprien alimrudia Mungu, na kwa kumrudia Mungu akamrudia mkewe. Hesabuni: 1965 hadi 1982 ni miaka 17. Wengi wetu tunakata tamaa katika mwaka wa pili. Na baada ya hapo hawakujifungia ndani kufurahia amani yao. Mwaka 1990 waliileta Jumuiya ya Emanueli nchini Rwanda, wakawatunza watoto wa mitaani wa Kigali, wakawasaidia watu wengine wa ndoa. Waliuawa nyumbani kwao tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari, wakiwa pamoja na watoto wao sita. Mwaka 2015 Jimbo Kuu la Kigali lilifungua kesi ya kuwatangaza wenye heri, na hatua ya jimbo ikakamilika mwaka 2021.

Ninachopenda kwa hawa wawili si kwamba mambo yaliisha vizuri. Ni kwamba mapenzi yao ya baadaye hayakuwa yale ya 1965 yaliyofufuliwa. Yalikuwa mapya, ya watu wanaojuana makosa yao yote. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alisema kwamba kwa kuwa siku hizi watu huishi muda mrefu, ndoa yaweza kudumu miaka 40, 50 hata 60, na kwa hiyo ule uamuzi wa kwanza inabidi ufanywe upya mara kwa mara. Mtu uliyemchagua ukiwa na miaka 24 hayupo tena. Yupo mwingine mwenye mvi na presha, anayekoroma, na huyo pia anangoja kuchaguliwa.

Naogopa jambo moja nikisema habari ya Daphrose, nalo ni kwamba mume fulani atakata ukurasa huu ampe mkewe: "Soma, uvumilie." Baba, ukurasa huu haukuandikwa kwa matumizi hayo. Katika habari ile wewe ni Cyprien, na sehemu yako ya kusoma ni ule mwaka wa 1982.

Tena Kanisa halimwamuru mtu akae penye hatari. Sheria ya Kanisa, kanuni 1152, inamsihi sana aliyekosewa kwa uzinzi asikatae kusamehe, lakini inamtambulia haki ya kutengana. Kanuni 1153 inasema mwenzi akihatarisha roho au mwili wa mwenzake au wa watoto, kuna sababu ya halali ya kuondoka, na kama kukawia ni hatari, aondoke mara moja bila kusubiri ruhusa. Mama anayepigwa asiambiwe na mzee wa jumuiya arudi akasali novena. Aende mahali pa usalama kwanza, novena itasaliwa huko huko. Kutengana si kuvunja Sakramenti. Na pale palipokuwa na uzinzi, kabla ya kurudiana unyumba, nendeni hospitali mkapimwe wote wawili. Kipimo si tusi. Kumnyima mwenzako kipimo kwa kisingizio cha msamaha ni kuongeza siri juu ya siri.

Njia ya kurudi

Wengine watauliza, basi tubadilishane namba za siri za simu? Mkitaka, badilishaneni, lakini sioni kama ni dawa. Anayetaka kuficha atanunua laini nyingine kwa bei ya chapati mbili, na anayepekua simu ya mwenzake usiku amekuwa askari, hata akikuta haina kitu hatalala. Kilicho na nguvu ni kusema kabla ya kuulizwa. "Mama watoto, leo kuna mtu amenikopesha elfu mbili, ni mama fulani wa dobi, na nimeona haya." Maneno hayo machache yangeiokoa nyumba ya Msambweni. Bibi angechukia kidogo, labda angeuliza maswali matatu. Kisha wangelipa deni pamoja, na yule mama wa dobi angekuwa rafiki wa nyumba badala ya kuwa mlango wa nyuma.

Hivyo basi, fedha ndizo za kuanzia, maana huku kwetu siri nyingi za moyo zilianza kuwa siri za fedha. Mara moja kwa mwezi kaeni mkekani, bwana ataje alicholipwa pamoja na bakshishi, bibi ataje cha kibandani na cha chama, na wote wataje madeni. Katika msimu wa chini fanyeni hivyo kila wiki. Msingoje mpaka kuwe na cha kuhesabu. Ni wakati hakuna kitu ndipo haya huja.

Shida ikikuzidi na huwezi kumwambia mwenzako kwanza, uchague mtu wa kumwambia kwa akili. Mwanamume amwendee mwanamume mwenzake, mwanamke mwanamke mwenzake. Wasimamizi wenu wa ndoa mliwaweka kwa nini? Kazi yao haikuisha siku ya picha. Kama wamefariki au wako mbali, watafuteni wengine katika jumuiya, watu wa ndoa iliyodumu na midomo iliyotulia. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa nafasi ya kwanza katika miaka ya 1970, hazikuwekwa kwa ajili ya kuchangisha harambee na mazishi tu. Ila nawaonya: mambo ya chumbani yasipelekwe mbele ya jumuiya nzima. Nimeona ndoa ikifa kwa maombi ya wazi.

Na aliyekwisha kuanguka? Aanze na Kitubio. Padre hawezi kutoa alichosikia hapo, hata akitishiwa kuuawa. Hapo hapo amwombe padre shauri juu ya namna ya kumwambia mwenzake na wakati wa kumwambia, kwa sababu yapo mambo ambayo mwenzi lazima ayajue, kama vile ugonjwa au mtoto aliyezaliwa. Mkono wa kwanza wa kukata ni ule wa mawasiliano: namba ifutwe, njia ya kwenda kazini ibadilishwe ikibidi, hata shifti iombwe nyingine. Yosefu nyumbani mwa Potifa hakubaki kujadiliana. Aliacha vazi akakimbia, na vazi hilo lilimgharimu. Kukimbia kuna hasara yake, tukubali mapema.

Kitabu cha Mithali kinamshauri mume anywe maji ya kisima chake na kumfurahia mke wa ujana wake. Watu wa Kinango na Lungalunga wanaelewa mambo ya visima kuliko wafasiri wengi. Kisima kisichochotwa huziba. Wenyeji hawaamki siku moja wakakisema kibaya. Wanakiacha tu, kwa sababu kuna bomba la jirani, na majani yanaingia.

Kazi ya nyumbani kwa mwezi huu ni hii. Someni pamoja Mwanzo 12:10-20, mke asome kwa sauti. Mkimaliza, mume aseme anadhani Sarai angesema nini kama angepewa nafasi, kisha mke aseme kama mume amepatia au amekosea. Baadaye kila mmoja ataje jambo moja ambalo mwenzake halijui, na liwe la fedha, dogo, si lazima liwe zito. Mkiwa mbalimbali, mmoja Diani mwingine Msambweni, pigeni simu. Jambo hili lisiandikwe kwa ujumbe. Anayesikia asijibu usiku huo. Aseme ahsante, wasali Baba Yetu, walale, na maswali yangoje mpaka asubuhi baada ya chai.